Kabati la tawi: shajara ya mwalimu wa maktaba chamani, Wete

Mimi ni mwalimu wa maktaba katika skuli moja ya sekondari Wilaya ya Wete, Pemba. Mradi wenyewe ni huu: kulifanya kabati moja la maktaba kuwa kumbukumbu ya tawi letu la chama cha walimu, mahali ambapo mwanachama anaipata barua yake, sheria inayomlinda na jina la mtu aliyepokea dai lake. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa nyuma ya meza ya kuazimishia vitabu ikanifikisha kwenye kamati ya wilaya. Naamini kwa dhati kwamba tawi linalojua karatasi zake ziko wapi halina haja ya kusubiri kiongozi mwenye maneno matamu. Naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na gharama zake, ili skuli itakayotaka kuiga isianzie chini tulikoanzia sisi. Bei zote ni za shilingi, na ni za maduka ya Wete na Chake Chake ya wakati huo.

Februari 2023: kiroba cha mchele

Katibu wa tawi amepata uhamisho kwenda Unguja. Karatasi za chama alimkabidhi mwalimu mkuu, naye akazileta maktaba, maana maktaba ndiko kunakopelekwa kila karatasi isiyo na mwenyewe. Zimo ndani ya kiroba cha mchele: barua, mihutasari isiyotiwa saini, fomu za kujiunga, stakabadhi za nauli, na nakala za barua za uhamisho zilizokwishaanza kuliwa na mchwa.

Kwanza tulizipanga kwa miaka. Haikufaa. Hakuna mwanachama anayeingia akasema nipe za 2017. Anaingia akauliza ile barua yetu ya kupandishwa madaraja iliishia wapi. Tukajaribu Dewey, utaratibu ule ule wa kupanga vitabu kwa namba, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vina namba yao, 331.88, na mambo ya walimu yako kwenye 371.1. Kwa mkutubi ni raha tupu. Kwa mwalimu wa fizikia anayetaka karatasi yake kabla kengele haijalia, ni kitendawili.

Kilichofaa ni rangi. Boksi jekundu ni madaraja na mishahara, la kijani uhamisho, la njano likizo na uzazi, la buluu sheria na kanuni, jeusi nidhamu, jeupe mafao na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Ndani ya kila boksi karatasi mpya inakaa juu. Basi. Mtu haulizi mara mbili.

Mchwa tuliwamaliza kwa kulisogeza kabati mbali na ukuta na kuisimamisha miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta ya taa. Kila Jumatatu mafaili yanafunguliwa yapate hewa; masika ya Pemba hayaachi karatasi salama ndani ya kabati lililofungwa wiki nzima.

Gharama: maboksi sita 36,000, karatasi za rangi na gundi 4,000, mafuta ya taa 3,000. Nilitoa mwenyewe, na tawi likanirejeshea nusu.

Aprili 2023: sheria ya nani?

Mwezi wa Ramadhani saa za kazi zilikuwa fupi, na walimu wengi walikaa maktaba kusubiri gari. Ndipo nilipoona tatizo ambalo hakuna rangi ya boksi ingelitatua. Kila mmoja ana sheria kwenye simu yake, na karibu zote si zetu.

Yupo mwenzetu aliyeandika barua nzuri, yenye vifungu na maneno mazito, kudai haki yake ya likizo. Ilirejeshwa na mstari mmoja: sheria uliyoitaja haitumiki Zanzibar. Alikuwa ametumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara. Kazi na ajira si katika mambo ya Muungano. Huku kwetu kuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Na. 1 ya 2005, na juu yake, kwa sisi watumishi wa serikali, iko Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011. Hali kadhalika ile Tume ya Utumishi wa Walimu inayotajwa sana kwenye makundi ya simu ni ya Bara. Mfuko wetu wa mafao ni ZSSF, na anayesoma habari za PSSSF, mfuko wa watumishi wa Bara, anasoma habari za jirani.

Nakwambieni, hakuna kitu kinachovunja moyo kama kumwona mwalimu mwenye haki yake akikosa kwa kubisha hodi nyumba isiyo yake.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulitoa nakala za sheria hizo tatu, tukazitia kwenye boksi la buluu, na juu ya kila moja tukaandika kwa kalamu nene ZANZIBAR. Zile za Bara hatukuzitupa. Zina boksi lao chini kabisa, limeandikwa BARA, zisomwe kwa kulinganisha tu.

La pili lilichukua muda zaidi. Sheria za 2005 zimeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, kwa hivyo kila wiki tulibandika kifungu kimoja kwa Kiswahili kwenye ubao wa chumba cha walimu. Watu walisoma kwa hamu. Lakini ikazuka shida mpya: mtu akinakili ile tafsiri ya ubaoni neno kwa neno na kuitia kwenye barua kama kwamba ndiyo sheria yenyewe. Dawa yake ni mistari miwili chini ya kila bango: namba ya kifungu, na maneno "asili iko boksi la buluu, isome kabla hujaandika". Tangu hapo anayeandika barua anaandika namba ya kifungu na kuambatisha ukurasa wenyewe.

Walimu wapya waliokuwa kwenye majaribio walikuwa na hofu ya kujiunga na chama, wakidhani wataonekana wakorofi. Kwao tulibandika mikataba miwili tu ya Shirika la Kazi Duniani (ILO): Na. 87 wa 1948 wa uhuru wa kujiunga na vyama, na Na. 98 wa 1949 wa haki ya kujadiliana na mwajiri. Tanzania iliuridhia huu wa 98 mwaka 1962 na ule wa 87 mwaka 2000. Fomu za kujiunga zilizokuwa zimelala zikaanza kuchukuliwa.

Gharama: nakala kwa shilingi 100 kila ukurasa, jumla 31,000 pamoja na kutia jalada. Nauli ya gari ya njia ya 606 kwenda Chake Chake sijaihesabu.

Juni 2023: uchaguzi wa katibu

Nafasi ya katibu wa tawi ilikuwa wazi, na jina langu likapendekezwa. Maalim mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa miaka ya kazi, akasimama. Naandika maneno yake kwa sababu mwalimu wa maktaba yeyote atakayegombea atayasikia.

"Mwanangu, kazi yako tunaiona na tunakushukuru. Lakini katibu tunamtuma akatusemee habari za vipindi na za darasa lenye wanafunzi themanini. Wewe darasa lako ni vitabu."

Nilimjibu: "Maalim, slipu yangu ya mshahara na yako zina makato yale yale ya chama."

Watu walipiga makofi, lakini makofi hayakuwa jibu. Pingamizi lake lilikuwa la haki, na lilitaka jibu la haki. Nilikwenda kwenye boksi la buluu nikatoa Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo ndilo lililoipa Siku ya Walimu Duniani tarehe yake. Ibara yake ya kwanza kabisa inawahesabu kuwa walimu watu wote walio skulini wenye dhamana ya elimu ya wanafunzi. Nikampa asome mwenyewe. Alivaa miwani, akasoma, akarudia, akasema: "Sawa, nafasi ya kugombea unayo. Kura yangu ni jambo jengine."

Nilishinda. Yeye hakunipigia, na aliniambia hivyo mbele za watu. Kwa hilo namheshimu, na ndiye niliyemwomba awe mshauri wa tawi. Pingamizi lake nililifanyia kazi pia: kila wiki nilikaa nyuma ya darasa la mwenzangu mmoja kwa kipindi kizima, kwa ruhusa yake na ya mwalimu mkuu, nikaandika idadi ya wanafunzi, madawati, na dakika zinazopotea kabla somo halijaanza. Kumbukumbu hizo baadaye zilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa.

Gharama: chai na mkate wa mofa siku ya uchaguzi, 28,000, kutoka mfuko wa tawi.

Septemba 2023: mkutano usiokutana

Hii ndiyo hatua iliyotusumbua kuliko zote, kwa hivyo naieleza kwa urefu.

Skuli yetu ina mikondo miwili. Wa asubuhi unatoka saa sita na nusu, wa jioni unaingia saa saba. Walimu wa mikondo hii miwili wanajuana kwa kupishana mlangoni tu. Mikutano ya tawi siku zote ilikuwa inaitishwa saa kumi, na kila mara walikuja wale wale. Mkondo wa asubuhi ulikuwa umeshakwenda nyumbani, na walimu wanawake hasa, kwa kuwa mchana nyumbani wana kazi nyengine kamili inayowasubiri. Ukija msimu wa karafuu ndiyo kabisa: mwenye mikarafuu yake, au ya wazee wake, alasiri yuko shamba au uwanjani anaanika. Haiwezekani kumlaumu. Karafuu haingoji ajenda.

Tulijaribu Ijumaa, ikashindikana mara moja, kila mtu anawahi msikitini. Tukajaribu Jumamosi, wakaja wachache kuliko wa saa kumi. Tukajaribu kufanya mambo yote kwenye kundi la simu. Hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu maamuzi yalifanywa na wenye bando, na mtu akiamka asubuhi anakuta ujumbe mia mbili, nusu yake dua na salamu, hajui lililokubaliwa ni lipi.

Kilichofaa ni kuukata mkutano vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha mkondo wa asubuhi, wakati wa mapumziko ya saa nne, ndani ya maktaba. Cha pili ni cha mkondo wa jioni, siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Adhuhuri na kabla ya saa saba. Kila kipande dakika ishirini, ajenda moja iliyoandikwa ubaoni, mambo yasiyozidi matatu.

Mwanzo kipande cha pili kilikuwa kinavunja yaliyokubaliwa na cha kwanza. Walimu wa asubuhi walirudi kesho yake wakakuta uamuzi wao umegeuzwa na watu ambao hawakuwasikia, na maneno yakaanza kuwa makali. Maalim ndiye aliyetoa dawa: lisiitwe uamuzi mpaka vipande vyote viwili vipige kura kwa karatasi, na kura zihesabiwe pamoja mwisho wa siku na mtu mmoja kutoka kila mkondo. Hoja za asubuhi ninaziandika kwenye karatasi kubwa na kuzibandika, ili wa jioni wazisome kabla ya kusema. Hoja za jioni nazo hubandikwa, ili wa asubuhi wazisome kabla ya mkutano unaofuata.

Mahudhurio yalipanda kiasi cha viti vya maktaba kutotosha. Ila nilipaswa kukubaliana na mwalimu mkuu kwamba siku hizo wanafunzi hawaingii maktaba wakati wa mapumziko, na hilo liliniuma, kwa sababu mapumziko ndiyo nafasi pekee ya baadhi yao kusoma. Sasa mkutano ni mmoja kwa mwezi, haulazimishwi kuwa zaidi, na siku inayofuata maktaba inafungwa saa moja baadaye kufidia.

Gharama: karatasi kubwa na kalamu za wino 9,000. Sanduku la kura lilitengenezwa na fundi wa madawati bure, kwa mbao za dawati bovu.

Januari 2024: boksi jekundu

Tulianza madai ya malimbikizo. Wako wenzetu waliosoma wakatoka stashahada hadi shahada, vyeti wakawasilisha, na mshahara ukabaki pale pale kwa muda mrefu. Wako waliopandishwa daraja kwa barua na slipu haijaijua barua hiyo.

Kwanza tuliandika waraka mmoja wa wote, wenye saini za tawi zima. Ulikuwa na nguvu kuusoma. Jibu lilikuja fupi: kila mtumishi ana mazingira yake, alete lake. Kwa ukali wetu tungeweza kuliita jibu hilo ujanja, lakini boksi lenyewe lilionesha kuwa kweli: hakuna madai mawili yaliyofanana tarehe wala vielelezo.

Basi tukatengeneza fomu ya dai ya ukurasa mmoja. Ina mistari michache tu: ninachodai, barua iliyonipa haki hiyo na tarehe yake, slipu inayoonesha kwamba sijalipwa, nimeshapeleka wapi na lini, nani alipokea. Mstari huo wa mwisho ndio mradi wote. Karibu kila mwanachama aliposema "nilishapeleka", alipoulizwa alimpa nani, alikuwa na jibu moja: "nilimwachia kijana mmoja pale mezani".

Tukanunua daftari la dispachi. Hakuna barua ya tawi inayotoka bila kuandikwa humo, na mpokeaji anatia saini, jina na tarehe, na nakala yetu inapigwa mhuri wa kupokelewa. Mara ya kwanza kulipeleka daftari lile kwenye ofisi inayohusika, karani alilitazama kama nimempelekea mtego. Nilimwambia: "Kaka, hili linakulinda wewe pia. Barua ikipotea ghorofani, wewe unaonesha uliipandisha." Akasoma mstari wa juu, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazosomeka, akapiga mhuri kwenye nakala yetu taratibu ili tarehe isifutike. Siku zilizofuata alikuwa akituuliza mwenyewe: daftari liko wapi?

Madai yalikwenda yakiwa na jalada moja: barua moja ya tawi mbele, jedwali la majina na kinachodaiwa, kisha faili la kila mtu nyuma yake. Yule mwenye haki ya pekee ana faili lake, na yule mpokeaji anaona kwamba hayuko peke yake.

Halafu likatokea jambo lililotishia kuvunja kila kitu. Boksi jekundu lilikuwa wazi kwa wanachama wote, kama vitabu. Lakini slipu ya mshahara ina mambo ya ndani ya mtu: mkopo wa benki, makato ya mahakama, kiasi anachobakiwa nacho. Mwenzetu mmoja alikuta deni lake linazungumzwa kwenye gari. Alikuja maktaba akachukua karatasi zake zote, akasema hataki tena. Alikuwa na haki kabisa.

Tulisimamisha kazi mpaka tulipokuwa na jibu. Sasa boksi jekundu na jeusi ziko kwenye droo yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu na mwengine kwa mweka hazina, na droo haifunguliwi bila wote wawili. Mafaili yana namba, hayana majina. Orodha ya majina iko bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Mwanachama anaona faili lake tu. Yule mwenzetu alirudi baada ya kuitazama droo mwenyewe na kuzijaribu kufuli kwa mikono yake.

Sheria Na. 1 ya 2005 imeweka njia ya kushughulikia migogoro ya kazi kwa usuluhishi kabla ya kufika mahakama ya kazi, na tulikubaliana mapema kwamba dai lisilojibiwa tutalipeleka juu kwa njia ya chama. Daftari la dispachi ndilo litakalotupa tarehe za kuonesha tulisubiri kiasi gani.

Gharama: droo na kazi ya seremala 45,000, kufuli mbili 16,000, daftari la dispachi 5,000, mhuri wa tawi 25,000, nakala za vielelezo 52,000. Ndiyo hatua ghali kuliko zote. Tulichanga.

Mei 2024: kusema mbele za watu

Tawi limenituma niwe mjumbe wa wilaya. Kazi ya maktaba ni ya sauti ya chini, na mjumbe anatakiwa asikike mpaka viti vya nyuma.

Kwenye kikao cha kwanza cha wilaya nilikwenda na orodha ndefu ya hoja za tawi, zote za kweli, zote na vielelezo. Nilizisoma zote. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye maazimio, kwa sababu hakuna aliyeweza kuikumbuka moja kati ya zote. Tuliporudi nilimsomea Maalim ile orodha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, sema dai moja. Taja karatasi yake. Taja unachotaka kifanyike na nani na lini. Kisha kaa chini, waachie wengine wakuunge mkono."

Tulifanya mazoezi maktaba baada ya saa za kazi, yeye amekaa kiti cha mwisho kabisa, kila nikishuka sauti anainua mkono. Kikao kilichofuata nilisema jambo moja: madai yapokelewe kwa daftari katika kila ofisi wilayani, kama tunavyofanya sisi. Liliingia. Matawi mawili jirani yakaomba kuja kuona kabati.

Nilikuwa pia na hoja iliyonigusa mwenyewe: walimu wa maktaba kupangiwa vipindi kamili vya darasani, matokeo yake maktaba inabaki imefungwa siku nzima na vitabu ndani. Hoja hiyo naiamini. Lakini niliiomba kamati imwachie mwengine aiwasilishe, na wakati wa kupiga kura nilitoka nje. Mwalimu wa Kiswahili wa skuli nyengine aliisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi, kwa kuwa alieleza inavyowaathiri wanafunzi wake wa kidato cha nne wanaokosa mahali pa kusoma. Imepelekwa juu. Bado haijajibiwa.

Gharama: nauli za vikao chama hulipa. Chakula na dharura, kutoka mfukoni.

Oktoba 2024: yaliyojibiwa na yasiyojibiwa

Katika madai yaliyokwenda na jalada la Januari, zaidi ya nusu yamelipwa au yamerekebishwa kwenye slipu. Mmoja wa wale waliotoka stashahada hadi shahada amelipwa malimbikizo yake, akaja maktaba kuitia barua yake ya mwisho kwenye faili kwa mkono wake. Mawili yamekataliwa kwa sababu za msingi. Barua za kuwapandisha hazikuwa zimethibitishwa, na tumewaambia wenyewe ukweli huo badala ya kuwapa matumaini. Yaliyobaki hayana jibu, na tumeyapeleka ngazi ya juu ya chama, kila moja na ukurasa wake wa dispachi.

Kwa ajili ya Siku ya Walimu hatukufanya sherehe kubwa. Tulifungua boksi la buluu kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, waliokuwa wakisoma haki na wajibu katika uraia. Walikaa na sheria zenyewe mezani wakatafuta vifungu. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mwalimu anahitaji sheria ya kumlinda ikiwa yeye ndiye mwenye fimbo. Tulikaa na swali hilo hadi kengele, na mjadala wake umebaki kwenye faili la maktaba, maana nataka wenzangu walisome.

Gharama: hakuna.

Februari 2025: makabidhiano

Nimechaguliwa kamati ya wilaya, na siwezi kuwa katibu wa tawi pia. Anayepokea ni mwalimu kijana wa kemia.

Kabla ya kumpa funguo tulifanya jaribio. Nilikaa kimya, yeye akaombwa na wanachama watafutiwe karatasi, muda ukiwa ni ule wa mapumziko. Alishindwa karibu zote. Rangi alizijua, kilichomkwamisha ni vifupisho nilivyoviandika kwenye majalada kwa miaka hii, ambavyo kwangu vilikuwa wazi na kwake havisomeki. Tulikaa jioni kadhaa tukaviandika upya vyote kwa maneno kamili, yeye ndiye aliyeshika kalamu, kwa sababu lugha ya kabati iwe ya anayelitumia. Jaribio la pili alipata kila alichoombwa na dakika zikabaki. Ndipo nikampa ufunguo.

Jambo jengine alilolibadilisha, nami nakubaliana nalo: orodha ya yaliyomo kwenye maboksi ya wazi imepigwa picha na kuwekwa kwenye kundi la simu. Karatasi zenyewe hazitoki. Mtu wa mkondo wa jioni anajua kabla hajatoka nyumbani kama anachokitaka kipo.

Gharama: majalada mapya 18,000.

Kinachofuata ni matawi yale mawili jirani. Moja limeshapata kabati, la pili linatafuta droo yenye kufuli, na nimewaomba wasianze kupokea slipu za watu mpaka droo iwepo. Wanaotaka nakala ya fomu ya dai na mpangilio wa daftari la dispachi waje maktaba kabla ya saa mbili asubuhi au wakati wa mapumziko, na waje na karatasi zao, maana rimu ya tawi imekwisha na mchango wa mwezi huu haujakusanywa.